Siagi ya Karanga na Kazi ya Tumbo: Somo kwa Vyama vya Msingi



Kwa miaka mingi hesabu ya karanga katika vyama vya msingi imekuwa ikikoma kwenye mizani. Mwanachama huleta gunia, karani hupima, stakabadhi huandikwa, na zao huondoka kwenda kwa mnunuzi. Yatokeayo baada ya hapo huwa ni shauri la mnunuzi. Lakini vipo vyama ambavyo vimenunua vinu vya kusaga, navyo huuza siagi ya karanga kwa chupa na makopo, na vipo vingine vinavyofikiria kufanya hivyo. Chama cha namna hiyo kimeacha kuuza mali ghafi. Sasa kinauza chakula ambacho mlaji hukipaka kwenye mkate au hukikoroga katika uji wa mtoto bila kukichambua wala kukipika tena. Yafaa basi katibu na wanachama wafahamu chakula hicho hufanya nini kikishamezwa. Somo hili limeandikwa lisomwe katika vikao vya kujifunza, na linaweza kugawanywa mara mbili ikiwa muda hautoshi.

Kilichomo ndani ya karanga

Katika kila gramu 100 za siagi ya karanga isiyochanganywa na kitu kingine, karibu nusu ni mafuta na karibu robo ni protini. Sehemu iliyobaki ni wanga, nyuzinyuzi, chumvichumvi na maji kidogo sana. Nguvu inayopatikana humo ni karibu kalori 600, wakati unga wa mahindi wenye uzito huo huo hutoa kiasi cha kalori 360. Vijiko viwili vya chakula humpa mlaji karibu kalori 190.

Wingi huo wa mafuta ndio uliowavuta wageni zamani. Mpango wa karanga ulioanzishwa na Waingereza huko Kongwa, Nachingwea na Urambo mwaka 1947, na kuachwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 36, ulitafuta kitu kimoja tu ndani ya karanga, yaani mafuta ya kupeleka Uingereza. Mkulima wa kawaida hakungoja mpango ule ili ajue faida ya zao hili. Mama wa Dodoma aliyetia karanga za kutwanga katika mlenda, na wa kusini aliyezitia katika kisamvu, walikuwa wakifanya jambo ambalo wataalamu wa lishe walikuja kulieleza baadaye.

Kazi ya kinu na kazi ya meno

Karanga moja imejengwa kwa vijumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na mafuta yamefungiwa ndani ya vijumba hivyo. Kuta zake ni za nyuzinyuzi, na hakuna tindikali wala maji yoyote ya tumbo la binadamu yanayoweza kuziyeyusha. Kinachozivunja ni meno, mchi, au jiwe la kinu. Mtu anayetafuna kwa haraka humeza vipande vingi ambavyo hupita tumboni na kutoka vikiwa bado vimefungwa, na mali iliyomo hutoka navyo.

Jambo hili limepimwa. Katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1980, watu walipewa karanga nzima, kisha siagi ya karanga, kisha mafuta yaliyokamuliwa, na kinyesi chao kikapimwa. Walipokula karanga nzima, karibu asilimia 18 ya mafuta waliyokula yalipotelea chooni. Walipokula siagi ya karanga, yaliyopotea yalikuwa karibu asilimia 7. Na kwa mafuta yaliyokamuliwa hayakufika asilimia 5. Kwa maneno mengine, kinu kimeokoa zaidi ya nusu ya hasara iliyoachwa na meno.

Faida hii si ya kila mtu kwa kadiri moja. Mtoto ambaye magego yake hayajaota, mzee aliyepoteza meno, na mgonjwa anayeinuka kitandani ndio wanaofaidika zaidi. Kwa kweli siagi ya karanga ilisogea mbele kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Mwaka 1895 daktari John Harvey Kellogg, aliyekuwa na hospitali ya mapumziko huko Battle Creek, Marekani, aliomba hati ya ubunifu kwa njia yake ya kusaga karanga, akitafuta chakula chenye protini kwa wagonjwa wasioweza kutafuna nyama. Kwa upande mwingine, mtu mnene aliyeambiwa na daktari apunguze uzito atafanya vyema akitafuna karanga nzima chache kuliko kulamba chupa ya siagi, kwa kuwa tumbo lake halitaweza kuzitoa kalori zote.

Neno moja kuhusu karanga mbichi, ambazo huuzwa mitaani pamoja na vipande vya nazi na muhogo kwa sifa ambazo si za somo hili. Karanga isiyopata moto ina vitu vinavyozuia kimojawapo cha vimeng'enya vya kusaga protini. Kukaanga hupunguza sana kizuizi hicho. Chama kinachotengeneza siagi kikaange karanga zake vizuri, na kisishawishike kupunguza kuni ili kupunguza gharama.

Safari ya tumboni

Chakula kikishamezwa hufika katika mfuko wa tumbo, ambako tindikali kali na kimeng'enya kiitwacho pepsini huanza kuikata protini. Mafuta hayashughulikiwi sana hapo, bali yanapoanza kuingia katika utumbo mwembamba, utumbo hupeleka ishara kwa njia ya damu kwamba mzigo ni mzito, na tumbo lipunguze kasi ya kutoa. Ndiyo sababu mtu aliyekunywa uji uliotiwa karanga alfajiri huweza kulima hadi jua la saa tano bila kusumbuliwa na njaa, ilhali yule aliyekunywa uji mtupu hutazama njia ya nyumbani mapema. Ndiyo sababu pia mkate uliopakwa siagi ya karanga haupandishi sukari ya damu kwa kasi kama mkate mtupu.

Ucheleweshaji huo una gharama yake kwa baadhi ya watu. Mafuta mengi hulegeza msuli unaofunga njia kati ya tumbo na koo la chakula, na tindikali ikapanda juu. Hicho ndicho kiungulia. Anayesumbuliwa nacho ale kidogo, na asile usiku anapokaribia kulala. Wako wanaosema kwamba karanga huleta vidonda vya tumbo. Imani hiyo imeenea sana, lakini haina msingi. Tangu uchunguzi uliofanyika Australia miaka ya 1980, uliowapatia madaktari Marshall na Warren tuzo ya Nobel mwaka 2005, inajulikana kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria aishiye tumboni, na vingine na dawa za kutuliza maumivu zinazomezwa ovyo. Mwenye vidonda aende hospitali akapimwe. Karanga haikumpa ugonjwa huo wala haitamponya. Akiona zinamwongezea maumivu, aziache mpaka atakapotibiwa.

Katika utumbo mwembamba ndipo penye kazi kubwa. Nyongo, itengenezwayo na ini na kuwekwa akiba katika kifuko chake, huyavunjavunja mafuta yakawa matone madogo, kama sabuni ifanyavyo kwenye sahani yenye mafuta. Maji ya kongosho huyamaliza, na kuikata protini iliyobaki katika vipande vya mwisho vinavyoweza kunyonywa. Mtu mwenye mawe katika kifuko cha nyongo hupata maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu baada ya chakula cha mafuta mengi, siagi ya karanga ikiwemo. Maumivu hayo yasipuuzwe kwa kuitwa gesi.

Mafuta hayo hayaingii mwilini peke yake. Vitamini A, D, E na K huyeyuka katika mafuta, na bila mafuta kiasi kikubwa chake hupita bure. Rangi iliyomo katika mchicha, matembele na kisamvu, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hunyonywa vizuri zaidi mboga hizo zikiungwa kwa karanga. Hapo ndipo ilipo hekima ya mapishi ya bibi. Kuhusu protini, ieleweke kwamba karanga na mahindi vimepungukiwa na kitu kimoja kinachofanana, hivyo ugali na karanga peke yake havijazibiana pengo. Maharage, kunde, maziwa au dagaa ndivyo vinavyolijaza.

Nyuzinyuzi zisizosagika huendelea hadi utumbo mpana. Bakteria walioko huko huzila sehemu yake na kutoa gesi, jambo la kawaida ambalo huwasumbua zaidi wasiozoea. Nyuzinyuzi zinazosalia hushika maji na kulainisha choo. Lakini lazima maji yawepo. Mtu anayekula siagi ya karanga kwa wingi na mkate mweupe, akanywa kikombe kimoja cha chai kutwa nzima, asishangae akifunga choo.

Watoto

Kabla ya kueleza faida, yatangulie maonyo. Karanga nzima zisipewe mtoto mwenye umri chini ya miaka mitano, kwa sababu huweza kupita njia ya hewa na kumkaba. Bonge la siagi ya karanga nalo hunata na huweza kumkaba mtoto mdogo. Njia salama ni kuikoroga katika uji mpaka ipotee, kuanzia mtoto anapotimiza miezi sita na kuanza chakula cha nyongeza. Mtoto akivimba midomo, akitokwa na vipele, akitapika au kupumua kwa shida baada ya kula karanga, apelekwe kituo cha afya mara moja, wala asijaribiwe tena nyumbani. Miili ya watu wachache huipinga karanga kwa ukali unaoweza kuua. Zamani madaktari katika nchi nyingi walishauri watoto wenye dalili za mzio wacheleweshwe kupewa karanga. Uchunguzi uliofanywa London kwa watoto zaidi ya 600, na kutangazwa mwaka 2015, ulionyesha kinyume chake: waliopewa chakula cha karanga mapema na mara kwa mara walipata mzio huo kwa kiasi kidogo sana kuliko walionyimwa. Hata hivyo mtoto mwenye ukurutu mkali aonwe kwanza na mganga.

Faida yake kwa mtoto aliyedhoofu imethibitika. Mwaka 1996 Wafaransa wawili, daktari André Briend na Michel Lescanne, walitengeneza chakula cha kutibu utapiamlo mkali kwa kuchanganya siagi ya karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Pakiti moja ya gramu 92 hutoa kalori 500. Kwa kuwa haina maji, vijidudu havikui ndani yake, na mama aweza kumlisha mtoto nyumbani bila kuchemsha kitu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliupendekeza utaratibu huo wa matibabu ya nyumbani. Wanachama wasichanganye mambo: siagi ya karanga ya chama ni chakula kizuri, lakini siyo dawa hiyo, na mtoto mwenye kwashakoo hapaswi kutibiwa kwa kopo la dukani.

Ubovu usioonekana

Mpaka hapa kinu kimesifiwa, na kwa haki. Sasa hapana budi kueleza upande wake wa pili, ambao unamhusu katibu kuliko mtu mwingine yeyote. Kinu kinachofungua mafuta ya karanga kwa faida ya mlaji ndicho kinachoficha karanga mbovu. Punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu huonekana katika ungo. Ikishasagwa pamoja na nzuri mia moja, hakuna jicho litakaloiona, na chumvi na sukari zikitiwa, ulimi nao hauitambui.

Katika punje za namna hiyo ndimo hukaa sumukuvu. Sumu hii iligunduliwa baada ya mwaka 1960, ambapo bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye kuvu. Hunyonywa upesi katika utumbo mwembamba na kupelekwa moja kwa moja kwenye ini. Ikiliwa kwa wingi kwa muda mfupi, mtu hutapika, tumbo huuma na kuvimba, macho huwa ya manjano, na wengine hufa. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Mwaka 2004 watu 317 waliugua mashariki mwa Kenya na 125 wakafa. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua watu 68 na kufa 20. Katika matukio yote mawili chakula kilichoshukiwa kilikuwa mahindi, lakini kuvu ni yule yule, na karanga ni mwenyeji wake mpendwa.

Kukaanga hupunguza sumu hiyo lakini hakuimalizi, na kuchemsha uji hakusaidii. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika nchi za Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kila kilo. Ili jambo hili lieleweke, hiyo ni sawa na gramu moja ya sumu katika tani 100 za karanga, yaani magunia 1,000 ya kilo mia mia. Punje chache zilizooza sana zaweza kuharibu pipa zima.

Lakini katika jambo hili hili limo tumaini, kwani sumu haikuenea sawasawa. Huwa imejazana katika punje chache, na nyingi kati ya hizo zaweza kuondolewa kwa mkono. Karanga zivunwe kwa wakati, zianikwe juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo mtupu, mpaka zitikiswapo ndani ya ganda zilie, na ngozi nyembamba ichubuke kwa kusuguliwa kidoleni. Ghalani magunia yakae juu ya machaga, mbali na ukuta. Ile desturi ya kuyamwagia maji maganda ili yabanguke kwa urahisi, au ili gunia lizidi uzito mbele ya mizani, haina budi kukomeshwa. Mwanachama afanyaye hivyo anauza maji kwa bei ya karanga na kuwapandia wenzake kuvu. Kabla ya kusaga, karanga zichambuliwe mara mbili: kwanza zikiwa mbichi, kisha baada ya kukaangwa na kutolewa ngozi, maana doa lililojificha chini ya ngozi huonekana wakati huo.

Usafi wa kinu nao una kanuni yake. Kinu kisafishwe na kukaushwa kabisa kabla ya kutumika, na karanga zilizokwisha kukaangwa zisirudishwe mahali palipowekwa karanga mbichi. Mwaka 2008 na 2009 siagi ya karanga kutoka kampuni moja ya Marekani iliyoingiwa na vijidudu vya salmonela iliwaharisha watu 714, na watu tisa walikufa. Vijidudu hivyo havikui katika siagi kavu, lakini huishi humo kwa miezi, na mafuta huvikinga visiuawe na tindikali ya tumbo.

Zile zilizochambuliwa

Linabaki swali ambalo vyama vingi hulikwepa. Karanga mbovu zikishatengwa huenda wapi? Aghalabu chama huzikataa mizanini, na mwanachama huzibeba kurudi nazo nyumbani. Huko hazitupwi. Mama huona uchungu kutupa jasho lake la msimu mzima, basi huzitwanga na kuunga mboga, kwa kuwa zikishatwangwa hazionekani. Hivyo karanga safi husafiri kwenda kwa mlaji wa mjini, na sumu hubaki kwa mtoto wa mkulima. Kumlisha ng'ombe si suluhisho, kwani sehemu ya sumu hutokea katika maziwa. Na kuku hudhurika upesi. Kuzikamua mafuta kwa mashine ya kijijini huiacha sumu nyingi katika mashudu, na nyingine huingia katika mafuta yasiyosafishwa.

Kuziteketeza ndiyo njia, na hapo ndipo penye ugumu, kwa maana kuteketeza ni hasara na hasara lazima iwe na mwenyewe. Mwanachama akiachiwa hasara hiyo peke yake, ataendelea kuzila. Chama kinaweza kuamua katika mkutano mkuu kwamba kitapokea mbovu kwa bei ndogo na kuitia gharama hiyo katika bei ya kila kopo, ziandikwe kilo zake katika daftari la ghala kwa safu yake yenyewe, na zichomwe mbele ya mjumbe wa kamati atakayetia sahihi. Kwa chama kisicho na kinu jambo hili ni gumu zaidi, kwa kuwa hakina kopo la kubeba gharama, na linafaa kupelekwa mbele ya chama kikuu.

Kwa mazungumzo ya kikundi

Katibu achukue kilo moja ya karanga kutoka gunia lolote la ghalani, wanachama wazichambue katika ungo, na mbovu zipimwe. Kwa kiasi hicho, katika msimu uliopita chama kilipokea kilo ngapi za mbovu? Zilikwenda wapi? Je, ni bei gani kwa kilo ingemfanya mwanachama azilete chamani badala ya kuzirudisha nyumbani, na kila kopo lingepanda kwa senti ngapi?